Redio ya Boksi Juu ya Kabati

Mama Zuhura, mshauri wetu wa gazeti la Jumapili, shikamoo.

Kabla sijasema lililonileta naomba radhi kwa uchafu wa karatasi hii, mimi huandika kwa mkono wa kushoto na kiganja hupita juu ya wino kabla haujakauka, walimu wamenisema mpaka wamechoka, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu mwenye mkono huu kwa hiyo hakuna hata wa kunionyesha namna ya kuukwepa wino. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa, kwa sababu kila mtu wa hapa tayari ameshachagua upande.

Jina langu ni Walburga, nasoma kidato cha tatu hapa Songea, tunakaa Lizaboni, mimi na mama yangu. Baba yangu, marehemu Leodegari, alikuwa fundi redio. Useremala alijifunza ujanani kwa watawa wa Hanga na redio alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, ndiyo maana mtu akileta redio ambayo kasha lake limepasuka au limeyeyuka kwa kuwekwa karibu na jiko, baba hakumrudishia redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kama mafundi wengine, alimtengenezea kasha jipya la mbao, na mpaka leo nikipita mitaani naona redio za baba yangu zimekaa madirishani na ninazijua kwa kona zake.

Nikimkumbuka, kwanza inanijia harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na ya gundi ya mbao, halafu zinakuja sauti, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na redio nyingi ambazo hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Redio ya mteja ikipona haikurudishwa siku hiyo hiyo, baba alisema mgonjwa hatolewi wodini kwa kuwa amekohoa vizuri mara moja, kwa hiyo aliileta sebuleni ikae iimbe siku kadhaa, wiki hii tunasikiliza taarifa ya habari kwa redio ya mwalimu mkuu, wiki ijayo kwa redio ya mzee Chande muuza nyama, na mama alizijua kwa sauti zake, alikuwa jikoni anapaza sauti, "Hii ya leo ina mafua, nani mwenyewe?" na baba anajibu, "Ya katekista, imeshinda kwaya," na mama anacheka mpaka ugali unashika chini ya sufuria. Baba alipofariki, nikiwa darasa la tatu, wenye redio walikuja mmoja mmoja kutoa pole na kuchukua redio zao, walikuja kwa adabu, hakuna aliyekosea, lakini ya mwisho ilipotoka mlangoni nyumba ikanyamaza na haijasema tena mpaka leo. Mama ana simu ya kitochi yenye redio ndani, sijawahi kumwona anaifungulia.

Sasa nikueleze jambo la boksi, maana hapo ndipo penye shida yangu. Baba hakukata ubao hata siku moja bila kutengeneza kwanza kasha la boksi, yaani aliomba dukani boksi la sabuni au la biskuti, akalikata kwa wembe na rula, akalikunja, akalishika kwa gundi ya unga wa ngano, likawa redio kamili ya boksi, yenye mpini wa kuibebea, tundu la spika, mlango wa betri na matundu ya nobu, vile vya kuzungusha sauti na stesheni. Ndani aliweka spika yenyewe na saketi yenyewe aone kama nyaya zinafika na kama betri inatoka bila mtu kuvunjika kucha, na kama betri haikuwepo aliweka jiwe lenye uzito kama wake, amelifunga kitambaa, ili mpini ujaribiwe kwa uzito wa kweli. Mteja akifika anakuta boksi lake mezani, baba anamwambia, "Fumba macho, mzee. Ongeza sauti." Mzee Chande siku yake alikataa, akasema, "Leodegari, mimi nimekuletea redio, sikuja kucheza kombolela," lakini alifumba, akapapasa hewani kama mtu anayetafuta kuku bandani, na watu waliokaa kibarazani wakacheka, na pale kidole chake kilipotua ndipo baba alipotia penseli na kutoboa. Alisema redio husikilizwa na mtu aliyelala au anayepika, na mkono wake ndio unaojua nobu inatakiwa kukaa wapi, macho yanajisifu tu. Mteja akiridhika, baba alipasua boksi kwenye kona zake, akalikunjua, akalilaza juu ya plaiwudi na kulichora, kama fundi cherehani anavyochora kitambaa kwa nguo ya kipimo, na likishachorwa likaenda jikoni kuwasha moto. Tumekunywa chai nyingi iliyochemshwa kwa redio za boksi. Alikuwa akisema, "Ukikosea kwenye boksi unachukua boksi lingine. Boksi husamehe, ubao hausamehe."

Hata mimi alinifumba macho, ila mimi ilikuwa mchezo, nilipokuwa darasa la pili hivi, nikitoka shule nampelekea chai kwenye kibanda chake cha kazi, ananikalisha juu ya benchi, ananiziba macho kwa kiganja chake, anasema, "Walbu, zima redio, watoto wanataka kulala," nami nanyoosha mkono, naye anazungusha penseli kwenye ncha ya kidole mpaka nacheka kwa kutekenywa. Nilirudi nyumbani na duara la penseli kidoleni, na mama akaniuliza kama huko shuleni wananiandika mimi badala ya daftari. Samahani Mama Zuhura, natoka nje ya barua, lakini nikianza kumkumbuka siwezi kuchagua cha kuacha.

Boksi moja halikwenda jikoni. Baba alimwambia mama kwamba hilo haliendi kwa mteja, redio yake itakaa humu humu ndani, tutakuwa nayo Krismasi, na Krismasi hakuifikia. Mama akaliweka juu ya kabati la vyombo, akalifunika kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe maua ya njano, na tangu hapo liko pale. Kila Jumamosi analishusha kwa mikono miwili, analipangusa vumbi, na jiwe lililomo ndani linagonga mara moja, gudu, nami nikiwa chumbani nalisikia, na hiyo ndiyo sauti pekee ambayo redio yetu imewahi kutoa.

Mwaka huu mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Cornel, alipojua mimi ni mtoto wa nani aliniruhusu kubaki maabara baada ya vipindi, na kwa vipuri alivyoacha baba kwenye kopo la maziwa ya unga nimeunganisha redio. Inasema, Mama Zuhura. Iko uchi juu ya kipande cha ubao, nyaya nje kama utumbo wa samaki, lakini inasema, na mara ya kwanza iliposhika stesheni nilitoka nikaenda kulia nyuma ya maabara. Nataka mama aipokee ikiwa imevaa, imevaa kasha lile ambalo baba alilikusudia, siku ya misa ya kumbukumbu yake mwezi wa kumi na moja. Rafiki yangu Suzana anasema niitie kwenye kontena la plastiki la chakula niache kujitesa, lakini yeye hakumjua baba.

Anayeweza kunikatia mbao ni baba mdogo Beda, mdogo wake baba, ni seremala na ana plaiwudi safi iliyobaki kwenye kazi ya kabati, ila mwisho wa mwezi anakwenda Nalasi kutengeneza milango ya maghala ya korosho na huwa harudi mpaka mvua zikolee. Alikuja nyumbani wiki mbili zilizopita tukiwa tunakunywa chai, akasimama, akaondoa kitambaa bila kuomba, akaligeuza boksi huku na huku.

"Shemeji, mende wameshaanza kona hii. Mwakani utakuwa unapangusa hewa."

"Liweke chini, shemeji," mama alisema.

"Kaka alilitengeneza likunjuliwe, hakulitengeneza liabudiwe. Halafu tazama, hata yeye hapa alikuwa amechoka, Mungu amrehemu. Nobu zote kaziweka kushoto, tena chini kabisa, spika ndiyo kaipeleka kulia. Nani anaongeza sauti huku? Na mpini huu ni wa sisimizi, vidole vyangu vinaingia viwili." Akanipa nijaribu, vyangu vikaingia vitatu, cha nne kikabaki nje. Akacheka. "Tutageuza, Walbu. Nobu tunazileta kulia kama redio za watu, na mpini tunaupanua. Tutamsaidia marehemu."

Mama akasimama. Alilichukua boksi kutoka mikononi mwetu, akasema, "Atakayepitisha wembe hapa aanze na mimi," akalirudisha, akalifunika, akaingia chumbani, na chai yake ikapoa mezani.

Nilipomsindikiza baba mdogo mpaka barabarani aliniambia, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama yako anakwenda Mpitimbi kwa bibi yako kutayarisha shamba. Mimi nitakuja. Tunalipasua kona, tunachora, tunalirudishia na gundi, tunafunika. Mama yako anaangalia kitambaa, haangalii boksi." Nikamwambia baba mdogo hiyo ni dhambi. Akasema, "Dhambi ni kuwalisha mende kazi ya kaka yangu." Nikanyamaza, na nadhani amechukua kunyamaza kwangu kuwa nimekubali.

Mama Zuhura, wote wawili naona wana haki. Baba mwenyewe angelipasua boksi lile bila hata kulitazama mara ya pili, ndiyo kazi yake ilivyokuwa, na nikiliacha mende watalimaliza na redio yangu itavaa kasha la kubahatisha. Lakini nikiwaza mama analishusha Jumamosi inayofuata na jiwe linagonga tofauti kwa sababu tumelirudisha vibaya, naona kama nitamfanya afiwe mara ya pili, na safari hii atajua aliyefanya. Baba hakuniachia picha nyingi wala maneno mengi, aliniacha na boksi hilo, na sijui kumpenda ni kulikata au kulihifadhi. Jumamosi inakaribia. Niambie la kufanya nami nitalifanya.

Mwanao katika kusoma gazeti,
Walburga, Lizaboni, Songea


MAMA ZUHURA ANAJIBU

Marahaba, Walburga. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Barua yako ilipitia mikono mitatu hapa ofisini na kila aliyeisoma alitoka na wino vidoleni, na huo uchafu ulioanza kwa kuuombea radhi ndio ulionipa jibu. Utaona.

Nianze na fimbo, kwa sababu unaistahili kidogo. Jambo likiwa baya hadi unalijua kwa jina lake, ukamwambia baba yako mdogo kwamba ni dhambi, hulimalizii kwa kunyamaza halafu ukamwandikia mwanamke usiyemjua aje akukatalie. Unalikataa pale pale barabarani. Heshima kwa baba mdogo ni kumpokea mzigo, kumpa kiti na kumwamkia, haifiki hadi kumwibia mama yako. Jumamosi hiyo msikate kitu. Tena mnajidanganya mkidhani asingejua. Mjane anayelishusha boksi kwa mikono miwili kila wiki analijua kuliko anavyoujua uso wake kwenye kioo. Lingegonga vibaya naye angekaa chini hapo hapo na kitambaa mkononi.

Beda mwenyewe usimchukie. Alifiwa na kaka, na hakuna aliyemfunikia kitu kwa kitambaa cha maua ya njano. Ana huzuni na ana msumeno, na mtu wa namna hiyo hutafuta cha kukata.

Na mama yako pia umemwelewa nusu. Umeandika kana kwamba amekataa redio. Alikataa wembe. Redio hajawahi kukataa kwa sababu hajui kuwa ipo, wewe umeificha maabara ukingoja siku ya misa. Unamfanyia mtu jambo jema kwa siri, halafu unashangaa kwamba hakusaidii kulifanya.

Sasa kaa, tuisome barua yako pamoja, maana umeandika vizuri lakini hujaisoma.

Unaniambia baba yako alifumba watu macho maisha yake yote. Muuza nyama alifumbwa. Hakutoboa tundu mpaka kidole cha mwenye redio kimetua. Mtu huyo huyo, kwenye redio ya nyumba yake mwenyewe, ndipo akosee upande? Achoke siku ile tu? Baba mdogo wako ni seremala mzuri bila shaka, lakini amelisoma boksi kwa macho, na wewe umeniandikia mwenyewe kuhusu macho na kujisifu kwao.

Nobu ziko kushoto. Ziko chini, mahali panapofikiwa na mtu mfupi. Mpini ni mdogo, unapokea vidole vitatu vya msichana wa kidato cha tatu, basi zamani ungepokea vinne vya mtoto. Nyumbani kwenu nani anatumia kushoto? Umenijibu kabla sijauliza, huko juu kabisa, ukiomba radhi ya wino. Nani alikalishwa juu ya benchi akazibwa macho, akaambiwa azime redio? Nani alirudi nyumbani na duara la penseli kidoleni?

Mwanangu, wewe ulikuwa mteja wake. Mteja pekee aliyekuja na chai.

Mimi sikuwepo kibandani na siwezi kukuapia. Lakini nimeisoma barua yako hadi nimeikariri na sioni mtu mwingine ambaye boksi lile linaweza kumtosha. Redio ya kwanza ya nyumba yenu ilikuwa inatengenezwa kwa kipimo cha mkono wako, mkono ambao walimu wameusema mpaka wamechoka. Yeye hakuusema. Aliupimia. Kumbe miaka yote hii umekuwa ukilitazama kwa mbali kama kitu cha baba, na ukalijaribu mpini wake siku Beda alipokuwa anacheka, na hukujua. Usijilaumu. Aliyepigwa picha hawezi kujiona wakati anapigwa.

Kama mama yako anajua, basi fikiria alivyojisikia siku ile mlipokaa mbele yake mkipanga kuligeuza liwe la mkono wa kulia. Kama hajui, anastahili kulisikia kutoka kwako kabla hajalisoma humu, kwa hiyo gazeti la leo lifiche chini ya godoro mpaka uzungumze naye. Hiyo ndiyo siri pekee ninayokuruhusu.

Zungumza naye leo, mkiwa mnaosha vyombo, wakati ambapo mikono ina kazi na macho hayalazimiki kukutana. Anza na redio. Mwambie iko maabara, inasema, na kwamba ulilia. Kisha mwombe alishushe boksi yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili kama anavyofanya. Usiliguse kwanza. Fumba macho, nyoosha mkono wa kushoto, zima redio. Kidole chako kitatua upande ule ule wa nobu, juu kidogo tu ya tundu, kwa sababu umekua. Hapo utajua, naye atajua, na sitaki kuandika zaidi kuhusu dakika hiyo kwa sababu ni yenu.

Sasa tuje kwenye kazi, maana wewe ni mtoto wa fundi na unataka kujua utakata nini.

Boksi la baba yako usilipasue. Mama yako amekataza, na hilo peke yake lingetosha, lakini hata kwa ufundi halikufai. Mkilikunjua mkalichora mtapata kasha la mtoto wa darasa la pili, na mtoto huyo hayupo tena, amekua, yuko kidato cha tatu na ana saketi yake. Hata sijui kama saketi hiyo itaingia humo. Na Beda akiligeuza na kulipanua litakuwa si la mtoto yule wala si la mtu mwingine yeyote, mbao nzuri zitakuwa zimeharibika bure. Mende nao wanaitwa na ile gundi ya unga wa ngano, ni chakula chao. Mama akiruhusu, zipakeni kona vanishi nyepesi, mtie ndani majani makavu ya mwarobaini, na mlihamishe kutoka kabati la vyombo mliweke chumbani kwako. Naona hapo ndipo lilipokuwa linakwenda.

Halafu kuna kosa lako la mwisho, nalo ndilo kubwa, ingawa ulilifanya kwa mapenzi. Unataka kumpa mama yako redio, na hujampima. Umetaka avae kipimo ambacho hata hukujua ni cha nani. Hilo baba yako asingelifanya kwa muuza nyama, wewe unataka kulifanya kwa mama yako mzazi?

Nenda dukani ukaombe boksi la sabuni. Lete saketi nyumbani, acha kuificha. Chukua rula na wembe wa baba yako, kata kwa mkono wako wa kushoto, kunja, pika gundi. Tafuta jiwe la uzito wa betri ulifunge kitambaa. Ukikosea usilie, umeniandikia mwenyewe boksi lina tabia gani. Jumamosi, kabla mama hajapanda gari la Mpitimbi, liwe tayari.

Beda mwambie mapema kwamba hutamfungulia mlango kwa wizi, ila unamwomba plaiwudi. Mwambie hivyo hivyo, kwa adabu, ukiwa umesimama. Na umwambie Mama Zuhura amesema Nalasi ni kwao, amezaliwa huko, na korosho za Nalasi hazianguki zote asubuhi moja, siku mbili akichelewa maghala yatamsubiri. Akisema hawezi, akuachie ubao na msumeno mwembamba. Kuna mwalimu wako, na kuna mikono yako. Tena Beda mwalike kwenye misa, hata akiwa Nalasi, na umwonyeshe boksi lile la zamani ukiwa umelishika wewe, kwa mkono wa kushoto, vidole vitatu mpinini na cha nne nje. Usimweleze. Ni seremala, ataona, na nadhani atahitaji kutoka nje kidogo.

Boksi jipya likikauka, mkalishe mama yako mahali anapokaa akichambua mchele. Weka boksi pale redio itakapokaa kweli. Atakuuliza unafanya nini, usimjibu. Simama nyuma yake, mzibe macho kwa kiganja chako, ndiyo, hicho hicho chenye wino, umwambie, "Mama, washa redio."

Pale kidole chake kitakapotua, zungusha penseli. Na akicheka, usiiondoe haraka.